Jina la Mama Kwenye Fomu

Konde, Pemba
14 Januari 2024

Kwa mpwa wangu Rawya, msomi wetu wa Maskati,

Assalaam alaykum. Ukiipata hii barua kaa kwanza, vua viatu, maana imetembea kuliko weye: gari ya abiria mpaka Wete, boti mpaka Unguja, kisha ndege, ndani ya begi la Matano wa Gando, yule asiyekosa safari ya huko kwenda kununua udi na kurudi na maneno. Najua utauliza kwa nini sikuandika kwenye simu. Mwanangu, lile group la ukoo lina watu sitini na wawili, na hamsini na tisa kati yao hawana kazi. Nikiandika mle kuwa mtu anaumwa, kabla sijaweka nukta habari ishafika Gando, na ikirudi Konde washamzika.

Mie mzima. Mke wangu Mwanaasha, mke mwenzio wa utani, anakusalimu, na anasema ukichelewa kuolewa atakuja huko akuchagulie mwenyewe. Binti yangu mdogo Kauthar katimiza kumi na tisa na anajua kila kitu, muulize yeye. Duka linakwenda. Juzi kaja mtu wa unga na mzani wake wa betri, ana tai shingoni. Nikachukua jiwe langu la kilo mbili, nikaliweka juu. Mzani ukasema kilo mbili na robo. Nikamwambia, "Yakhe, jiwe langu limenenepa njiani?" Soko zima lilicheka. Mtu aliyefanya kazi Mombasa, Dubai na Sharja huwezi kumuuzia unga kwa tai. Mzani usioujua, upime kwanza kwa jiwe unalolijua. Hiyo ndiyo shahada yangu.

Sasa lililonifanya nikunje karatasi. Badriya wetu, dadake Kauthar, jicho la kushoto limezima. Lilianza na maumivu akizungusha jicho, baada ya siku tano akawa anaona kama mtu aliye jikoni kwa kuni mbichi, wiki ya pili giza. Skuli kasimamisha kusomesha. Daktari kampa vidonge, anasema anakisia tu, hana kipimo. Mama yake anasema ni hasada za watu. Na kabla ya jicho alipatwa na kwikwi na kutapika, mchana kutwa, watoto wa darasa lake wanamtania, "Mwalimu kala cha kuiba!" Tulicheka nasi. Mie kwikwi ya namna ile sijaiona tangu ya… Basi, tuyaache.

Niletee dawa nzuri ya macho ya huko. Usitazame bei, mjombako yupo.

Akupendaye,
Saud


Maskati
3 Februari 2024

Mjomba wangu Saud, shikamoo.

Barua imefika na viatu nimevua. Baba anakusalimu, magoti yanamsumbua lakini msikitini haachi kwenda. Hapa kumeingia baridi kidogo na watu wamevaa makoti kama wanahamia Ulaya. Mwambie mke mwenzangu asije, mchumba nitamtafuta mwenyewe.

Dawa ya macho sikuleti. Jicho la Badriya si bovu, kilichoumia ni mshipa wa fahamu ulio nyuma yake. Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme: ndani waya, nje ganda. Katika maradhi ninayoyachunguza mimi, askari wa mwili, wale wanaopigana na vijidudu, hukosea adui. Huwapiga walinzi wanaoitunza mishipa, na ganda likabanduka. Wakipiga nyuma ya jicho mtu haoni. Wakipiga uti wa mgongo miguu inakufa. Na kuna pahala padogo chini ya ubongo, wakipapiga, mtu hupata kwikwi na kutapika siku nyingi wala tumbo halina kosa.

Maradhi haya yana mwenzake anayefanana naye sana, na dawa ya mmoja inaweza kumdhuru mwenye mwengine. Tunawatenganisha kwa alama iliyomo kwenye damu. Huko haipimwi, hapa tunaipima. Nitahitaji damu ya Badriya, na ya ndugu yake mzima kwa kulinganisha, yaani Kauthar. Binti mmoja wa maabara, Yumna, atakuja kutoka Unguja kuichukua. Kibali kipo. Fomu zimo ndani ya bahasha hii.

Nakuuliza kwa adabu zote mambo mawili. Kwikwi ilidumu siku ngapi? Na uliandika "sijaiona tangu ya", ukakata. Tangu ya nani, Mjomba?

Mpwa wako,
Rawya


Konde
21 Februari 2024

Rawya mwanangu,

Wa alaykumu salaam. Mvua imetukosa, embe zimetujaa, Mwanaasha kanilazimisha kula achari mpaka nimeanza kuona vizuri kuliko daktari.

Siku kumi na nne. Hilo la kwanza nimekujibu. Kwa la pili wino umeisha.

Hiyo ya askari kukosea adui wakapiga watu wao, sisi wa Pemba hatuhitaji kusomeshwa kutoka Maskati. Nayo tuyaache.

Fomu nimeisoma mara tatu, nimevaa miwani yangu na ya Mwanaasha juu yake. Jina, sawa. Umri, sawa. Kisha mmeandika: jina la mama. Sikiliza. Skuli mie nimeishia la saba, lakini dunia nimeihitimu. Katika dunia yote watu wanaouliza jina la mamako ni wawili tu. Wa kwanza ni mpiga falaki. Akishapata jina lako na la mamako keshakufunga nyota yako kama kuku kamba ya mguu. Wa pili anakaa juu ya kaburi, anakusomea talkini, anakuita ewe fulani mwana wa fulani, na weye uko chini huwezi kujibu. Nyie ni yupi kati ya hao?

Nilipokuwa Sharja bosi mmoja alinipa karatasi tupu niweke saini, ati ataijaza baadaye. Nikamchorea mbuzi. Mpaka leo sijui kama alimfuga.

Nijibu na haya, nawe usitie adabu. Damu yetu ikishakuwa huko, nani anapata nini? Weye shahada, profesa wako jina, Badriya anapata nini? Na kama kitu chenyewe chema, weye damu yako umeshaitoa?

Mjombako anayekupenda na asiyekuamini, vyote kwa pamoja,
Saud


Maskati
8 Machi 2024

Mjomba, shikamoo.

Ramadhani inaingia, Mungu aikubali funga yetu. Baba anauliza kama bado unasinzia kwenye tarawehe ukamlalia mwenzio begani.

Jina la mama tunaliuliza kwa sababu nikiandika Badriya Saud peke yake, kutoka Konde mpaka Wete watakuwapo kumi. Hakuna falaki.

Badriya atapata jawabu. Daktari wake sasa anampa vidonge vya kuwapoza askari wa mwili, na vidonge hivyo vina madhara yake, hapendi kuviendeleza kwa kukisia. Alama ikipatikana atajua aviendeleze, ikikosekana atajua avikate. Jicho la kulia bado lipo, Mjomba, na miguu bado ipo. Hivyo ndivyo tunavyovipigania.

Na mimi, ndiyo, nitapata shahada. Nakwambia mwenyewe usije ukasikia kwa mwengine: profesa wangu alipojua kuwa ndani ya ukoo wangu kuna mgonjwa, alifurahi. Sikupenda alivyofurahi. Lakini mashine ni yake.

Usimfanyie Badriya mzaha kwenye macho yake.

Rawya


Konde
25 Aprili 2024

Kwa Rawya,

Idd imepita, matumbo yamerudi kazini. Mwambie babako mwaka huu sikusinzia, niliota macho wazi.

Umeniuliza mambo na nikakujibu, nami nimekuuliza matatu ukanijibu mawili. La damu yako umeliruka kama mtu anayeruka dimbwi na kanzu nyeupe. Nimeliona. Naliweka.

Huyo Yumna kaja Jumanne. Mdogo kama kalamu, kabeba sanduku la barafu, nikadhani kaja kuuza samaki. Nikamkaribisha kahawa, akasema anafanya kazi kwanza. Nikampenda, lakini sikumwamini. Akaingia ndani kwa wanawake, mie nimekaa barazani na fomu zangu. Badriya hakusema hata ai. Kauthar, mzima wa afya, anayejua kila kitu, ndiye aliyezimia. Namsikia Mwanaasha, "Mlazeni, mlazeni, huyu ni wa babake, maneno tu!"

Yumna akatoka na vichupa viwili, kila kimoja kina namba. Akanambia, "Mzee, kumi na saba ni ya mgonjwa, kumi na nane ni ya mzima. Niandikie majina kwenye fomu, namba isikosee."

Nikamwambia, "Binti, mie nimejaza fomu za uhamiaji za nchi tano, hii itanishinda?"

"Nchi tano hazikuchukua damu, Mzee."

"Moja ilinichukua jasho la miaka sita, halikuandikwa popote."

Kacheka, nami nikacheka, nikajaza. Jina la mama nimewapa jina, usiulize la nani. Akafunga sanduku akaenda zake Wete.

Basi mzani wenu na mie nimeupima. Namna gani, hiyo ni siri ya duka. Nangoja majibu.

Saud


Maskati
5 Juni 2024

Mjomba, shikamoo.

Natumai nyote wazima. Joto la hapa ndege wanatembea kwa miguu.

Majibu yametoka, nimeyarudia mara mbili kwa mkono wangu. Badriya hana ile alama. Kauthar anayo, tena kwa wingi.

Profesa karibu acheze ngoma. Mtu mzima kabisa, haumwi kitu, na damu yake imejaa alama ya maradhi: anasema ni jambo la kuandikiwa makala. Anataka Kauthar aletwe Maskati, tiketi juu yake. Majibu ya Badriya yameshapelekwa kwa daktari wake. Amesema kama ni hivyo ataanza kumpunguzia vidonge, mpaka avimalize.

Mimi sikucheza. Mtu mzima kuwa na alama kwa wingi ule sijaona, na mgonjwa mwenye jicho lile na kwikwi ile kutokuwa nayo, hilo nalo linanikera. Ama tumegundua jambo jipya, ama kuna mkono.

Fomu nani alizijaza? Yumna anasema ni wewe, na kwamba ulikuwa unacheka.

Rawya


Konde
20 Juni 2024

Mwanangu Rawya,

Idd ya pili imepita salama, tumechinja mbuzi mkaidi kuliko Kauthar. Karafuu zimeanza kutoa vikonyo, mwaka huu Mungu akipenda watu watavunja matawi. Paka wa duka kazaa watano ndani ya gunia la mchele, wateja wanachagua wenyewe. Bandari ya Wete boti ilichelewa siku mbili. Mwanaasha kanunua pazia la rangi ya zambarau, sijui nani kamroga.

Kauthar hasafiri. Mwambie profesa wako akitaka kucheza ngoma aje achezee huku, tuna wapiga ngoma.

Badriya hajambo. Daktari anampunguzia vidonge, na uso uliokuwa umevimba umerudi wa kwake. Kaanza kusomesha watoto wawili hapa nyumbani.

Mzani wenu mzuri. Nimekiri, basi.

Simu yangu imeharibika, usihangaike kupiga.

Saud


Maskati
1 Julai 2024

Mjomba,

Nimekupigia mara tisa. Simu iliyoharibika haiiti, yako inaita mpaka inachoka.

Umeandika: mzani wenu mzuri. Umejuaje kuwa mzuri? Mtu hujua mzani ni wa kweli pale tu anapolijua jiwe.

Nimempigia daktari asimkatie Badriya vidonge. Anasema karatasi yangu mwenyewe ndiyo iliyosema akate, na keshavimaliza wiki iliyopita. Ushahidi sina, nina paka wako watano na pazia la zambarau.

Na kwa kuwa wino wako unaisha kila tukifika hapa, nitaandika mimi. Tangu ya mama yangu. Kwikwi ya Mama ilidumu siku arubaini. Nilikuwa na miaka minane, mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia beseni. Macho yakafuata, kisha miguu. Gari ya kumpeleka bandarini, apandishwe boti aende Dar es Salaam, ilikuwa mlangoni na injini inanguruma. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Gari ikaondoka tupu. Babangu alikuwa safarini. Nani aliirudisha?

Miaka ishirini na mbili sijakuuliza. Nakuuliza sasa kwa sababu ya Badriya. Jibu kwa simu, usimngoje Matano.

Rawya


Konde
12 Julai 2024

Rawya,

Ile simu yangu ya Jumapili umeisikia. Nimesema, "Kumi na saba ndiye Badriya, arudishiwe vidonge," nikakata. Sikukukatia wewe. Nilikata kwa kuwa sauti iliyokuwa ikija nyuma ya maneno hayo sikutaka uisikie.

Leo naandika yote, na hapana mzaha ndani yake, ukiuona mmoja ujue umeponyoka.

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Badriya kainuka kuepua sufuria ya wali, miguu ikakataa. Akakaa chini jikoni akacheka, akasema, "Mama, miguu imelala." Mama yake akamsugua. Haikuamka. Mie nilikuwa dukani, nikaitwa. Nilipofika mlangoni nikaisikia kwikwi. Moja. Kisha nyengine. Rawya, sikuhitaji mashine ya mtu. Nikaitoa simu mfukoni.

Barua yako Matano kaileta jana. Kwa hivyo nilikupigia kabla ya kusoma ulichoniuliza. Nataka ulijue hilo, si kwa kujisifu, mara hii.

Ndiyo, nilibadilisha. Kumi na saba nikaandika Kauthar, mzima. Kumi na nane nikaandika Badriya, mgonjwa. Nilisema hawa wakinambia Badriya anayo, basi mashine yao inasoma fomu, haisomi damu, ni waongo kama mtu wa unga. Majibu yenu yalipokuja nilijua siku hiyo hiyo kuwa mzani ni wa kweli. Nikasimama dukani na barua mkononi, na mteja ananiita sukari, sukari.

Utauliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nimeshawatangazia barazani kuwa Saud kawaweka watu wa Maskati kwenye mfuko wa shati. Lakini aibu ningeimeza, nimemeza kubwa zaidi Dubai. Lilikuwa jengine. Badriya vidonge vinapungua na uso unarudi, anacheka, anasomesha. Nikasema labda mashine ni ya kweli na mtoto wangu pia ni mzima. Nilivitaka vyote viwili. Maana kama Badriya anayo, basi na dadangu alikuwa nayo. Na kama Bimkubwa, mamako, alikuwa nayo, ile gari ilikuwa imekuja kwa haki.

Mie ndiye niliyeirudisha. Nilimwambia dereva nenda, huyu hapandi boti, bahari itammaliza. Nilikuwa nimerudi kutoka Mombasa na kiatu cha ngozi na maneno mengi, nani wa kunipinga? Nikamleta fundi, mpiga falaki, nikampa na nauli. Fundi akaniuliza jina la mgonjwa. Nikasema Bimkubwa. Akauliza jina la mama. Nikampa, Thuwaiba, mama yetu. Akapiga hesabu zake, akasema kafungwa na watu wa mumewe, siku saba atainuka. Siku ya saba tulikuwa makaburini, na shehe kakaa juu ya udongo anasoma talkini, anaita, ewe Bimkubwa mwana wa Thuwaiba. Majina yale yale mawili, kwa mpango ule ule. Tangu siku hiyo jina la mama wa mtu wangu silitoi. Fomu yako ilipokuja na nafasi ile, mkono wangu uliandika uongo kabla ya mie kuamua.

Nilikuona umevaa viatu. Vyekundu, vyenye mkanda wa kufungia. Wewe ulidhani sikuviona.

Badriya tumempeleka, daktari kaanza sindano za siku tano kama ulivyomwagiza. Kiunoni chini hahisi. Jicho la kulia linaona. Namuuliza kila saa, "Vidole vingapi?" Leo asubuhi kanijibu, "Baba, vidole vyako ni vitano, ondoa mkono nilale."

Sikuombi chochote.

Saud


Maskati
29 Julai 2024

Mjomba Saud,

Assalaam alaykum. Baba nimemsomea barua yako. Alitoka nje, akarudi baada ya swala, akasema mpelekee salamu.

Daktari ananipigia kila siku mbili. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimesogea, unajua. Vidonge asikatiwe tena na mtu yeyote bila kuniuliza. Tunatafuta dawa iliyo bora zaidi, ni ghali na ni ngumu kuipata, lakini sasa tunajua tunatafuta nini.

Profesa nilimwambia mbele ya watu kwamba ugunduzi wake ni mjomba wangu. Akauliza kama una shahada ya kitu chochote. Nikamwambia ya mizani.

Kama nimekusamehe, sijui. Wiki mbili nimeandika barua hii na kuichana. Ninachokijua ni kwamba ulipiga simu kabla ya kuulizwa. Naliweka, kama unavyosema wewe.

Nami nina deni la jibu. Uliniuliza kama damu yangu nimeitoa. Nimeitoa. Kichupa namba moja katika uchunguzi wote huu ni changu, mwaka juzi, mwezi wa Oktoba. Maradhi haya ni nadra kuingia kwa ndugu wawili wa ukoo mmoja, kwa hivyo nafsi yangu haina sababu kubwa ya kuogopa, na nimewaambia watu wengi hivyo kwa sauti nzuri. Majibu yamo ndani ya bahasha, kwenye mtoto wa meza, chini ya soksi. Sijaifungua. Mimi ninayekugombeza wewe kwa kuogopa mzani.

Jambo la mwisho. Fomu mpya nimeiambatisha, maana ya kwanza ni uongo mtupu na damu ya Badriya haiwezi kuhesabiwa. Safari hii aijaze yeye. Ana miaka ishirini na sita, ni mwalimu, ana mkono wake. Tumebishana miezi sita juu ya damu ya mtu, na si wewe wala mimi aliyemuuliza anataka nini. Akikataa, amekataa, na dawa ataendelea kupata vile vile.

Rawya


Konde
1 Septemba 2024

Rawya mwanangu,

Salamu za babako nimezipokea, nimeziweka pahala penye kufuli. Mwanaasha, Kauthar na wale paka wote wazima. Kauthar siku hizi anasema kusafiri kwenda Maskati ilikuwa haki yake na mie nimemnyang'anya umaarufu wa dunia.

Badriya anatembea. Si kama zamani. Ana mkongojo wa mti wa mkarafuu niliomchongea mwenyewe, umepinda kidogo, anasema unafanana na mie. Juzi katoka nyumbani mpaka dukani, hatua mia na kumi, nilizihesabu nikijifanya napanga misumari. Akafika, akaegemea meza, akaweka jiwe la kilo mbili juu ya mzani wangu mwenyewe. Ulisema kilo moja na gramu mia tisa. Nikasema ati springi yake imelegea! Watu wote wapo! Akanambia, "Baba, na huu unauonaje?" Nimefedheheka kwa furaha.

Jicho la kushoto halikurudi. La kulia ndilo alilojazia fomu.

Nilimpa karatasi nikaondoka, kama ulivyotaka. Akaniita nirudi. Yumna yupo, sanduku la barafu lipo, safari hii kahawa kakubali. Badriya kaandika jina lake, umri, kijiji, kwa mwandiko wa ubaoni. Alipofika nafasi ile akanyanyua kalamu, akanitazama. "Baba, niandike?"

Nikamwambia, "Unaniuliza mie? Mjaza fomu ni weye."

"Nakuuliza kwa sababu umeng'ang'ania mkongojo wangu."

"Andika."

Kaandika Mwanaasha. Hakuna kilichotokea. Jogoo wa jirani kawika, Yumna kapiga chafya.

Kisha nikakunja mkono wa shati nikamwambia Yumna anipe na mie fomu. Akasema, "Mzee, wewe hukuombwa." Nikamwambia mtu wa mizani haombwi, hupanda mwenyewe. Nimeandika Saud, miaka sitini na mmoja, Konde. Na jina la mama nimeandika Thuwaiba, kwa herufi kubwa, ambaye ni mama yangu na mama wa Bimkubwa. Mara ya mwisho nilipolitoa jina hilo nilimpa mtu aliyelipigia hesabu. Safari hii nimekupa weye. Sindano ilipoingia nilizimia, Kauthar atakueleza kwa raha zake.

Sasa ile bahasha yako ya chini ya soksi. Usiifungue peke yako. Nipigie. Simu yangu imepona, naipokea hata namba nisiyoijua, jana nimezungumza nusu saa na mtu anauza viwanja. Ukishapiga, taja jina lako na la mamako, Rawya mwana wa Bimkubwa, kisha chana. Mie ntakuwa kimya upande huu, kitu ambacho hakijawahi kutokea, na chochote kitakachosomwa tutakisikia wawili.

Mjombako,
Saud mwana wa Thuwaiba,
kichupa namba thelathini na mbili